Umemwaga Oili ya Gia Boksi, Sasa Gia Haziingii

Usikubali gia boksi ishushwe leo. Gari iliyokuwa ikitembea vizuri juzi, ikamwagwa oili, kisha ikaanza kuchelewa kuingia D au injini ikawa inapaa raundi na gari haichanganyi, mara nyingi haijafa. Imepungukiwa oili, au imezidishiwa, au imetiwa oili isiyo yake, au kuna kitu kimeguswa kule chini na hakikurudi mahali pake. Yote manne yanapimika hapo hapo uwanjani, kwa gharama ndogo kuliko ya kuipeleka gari mjini juu ya karieri. Gia boksi ikishashushwa hesabu inakuwa nyingine. Utaambiwa klachi zimeisha, na gari ya Japani iliyokwishatembea miaka 15 kabla ya kupanda meli, klachi zake ukizitazama kwa nia ya kuzibadilisha, lazima utaziona zimeisha.

Ninayemwandikia ni mwenye gari wa Paje na jirani zake wa Jambiani, Bwejuu na Michamvi, ambaye gereji yake kubwa iko mjini, kilomita 50 hivi, na fundi wake wa kila siku anafanyia kazi chini ya mvinje. Sina neno na fundi wa chini ya mvinje; nimewaona wenye mikono mizuri kuliko watu wa gereji zenye vigae. Lakini gia boksi ya otomatiki haimsamehe mtu anayekisia kipimo, wala anayekisia aina ya oili, na mambo haya mawili ndiyo yanayokisiwa kila siku.

Kabla ya yote, iache isimame. Najua ilivyo: kuna mgeni wa kupelekwa uwanja wa ndege saa 9, na gari bado inakwenda, ingawa inakwenda kwa kuvuta. Mpe safari hiyo mwenzako. Klachi za ndani ya otomatiki ni sahani zilizobandikwa tabaka la karatasi ngumu, na zikiteleza zinaungua. Tatizo la robo lita lililoweza kwisha kwa dakika tano linageuka kuwa tatizo la gia boksi nzima kabla hujafika Tunguu.

Ili ujue unatafuta nini, kumbuka kwamba kwenye gari ya gia za mkono oili inalainisha tu, ila kwenye otomatiki oili ndiyo inayofanya kazi. Pampu inaivuta kutoka sampu kupitia filta, inaisukuma kwa presha kwenye vijia vya boksi la valvu, na presha hiyo ndiyo inayozibana klachi gia ikaingia. Oili ikipungua, pampu inavuta upepo. Upepo unakuwa povu, na povu haliwezi kubana klachi. Ndiyo maana gari yenye oili pungufu huondoka vizuri, kisha ikakata inapozunguka kiplefti cha Paje au inapofunga breki kwa ghafla: oili imekimbilia upande mmoja wa sampu na mdomo wa filta umebaki mkavu. Ukizidisha nako hupati nafuu, kwa sababu gia zinazozunguka zinaipiga oili iliyopanda juu mpaka itoe povu lile lile, na nyengine inamwagika kupitia bomba la kupumulia. Ukiona chini ya gari kumelowa siku ya pili yake, usikimbilie kusema sili imevuja.

Kwa hiyo anza na kipimo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Fundi, oili inatosha kweli?"

"Imejaa, ami. Nimeipima mwenyewe."

"Uliipima injini ikiwa inanguruma?"

"Aa, imezimwa. Si kama oili ya injini tu?"

Hapana, si kama oili ya injini. Injini ikizimwa, sehemu ya oili iliyokuwa ikizungushwa na pampu inarudi kwenye sampu na kiwango kinapanda. Dipstiki inasoma imejaa. Ukiwasha, pampu inavuta, toki konveta (ile inayounganisha injini na gia boksi) na mabomba ya kupoozea yanajaa, na kile kiwango kinashuka chini ya alama. Gari iliyopimwa hivyo inaweza kutoka uwanjani ikiwa na upungufu wa lita nzima, na fundi akaapa kwa haki kabisa kwamba aliijaza.

Toyota nyingi, Nissan nyingi na Suzuki nyingi zenye dipstiki hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa moto, nyuzi 70 hadi 80. Gari nzima ungeipasha kwa mwendo wa robo saa, lakini hii yako inateleza, basi ipashe imesimama: iache ingurume mpaka injini ishike joto lake la kawaida, kisha uendelee kuisubiri, maana oili ya gia boksi huchelewa kupata moto kuliko maji. Iweke juu ya lami au sakafu. Paje kote ni tambarare kwa macho, lakini uwanja wa mchanga una mteremko usiouona mpaka dipstiki ikuoneshe. Vuta handibreki, kanyaga breki, pitisha rungu la gia kutoka P, R, N, D mpaka L, kila gia sekunde mbili tatu, kisha rudi P. Injini ikiendelea kunguruma, chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi (kipande cha kanga kuukuu kinafaa, pamba haifai), irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena na usome pande zote mbili. Upande unaosoma chini ndio wa kuamini.

Utaona alama za COOL na za HOT. Za COOL ni za kukuongoza wakati wa kujaza gari ikiwa baridi. Hukumu iko kwenye HOT. Anayejaza oili baridi mpaka kwenye alama ya HOT amezidisha, maana oili ikipata moto inatanuka. Oili mpya ni nyepesi na haionekani vizuri kwenye chuma, kwa hiyo ilaze dipstiki juu ya karatasi nyeupe. Ikiwa imepungua, ongeza robo lita, pitisha gia, pima tena. Usimimine chupa nzima kwa matumaini. Ikiwa imezidi, itoe kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba kupitia tundu la dipstiki, au ilegeze nati ya chini kidogo kidogo.

Honda wana mtindo wao: unaipasha gari, unazima, kisha unapima papo hapo, ndani ya dakika moja hivi. Na kuna gari zisizo na dipstiki kabisa. Hizo zina nati ya kufurika: zinajazwa injini ikiwa inawaka, oili ikiwa na joto dogo, kwa Toyota nyingi kama nyuzi 35 hadi 45, mpaka ianze kudondoka kwenye tundu la kufurikia, kisha nati inafungwa. Joto lenyewe linasomwa kwa ile mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Fundi aliyeijaza gari ya aina hii bila ya mashine, kwa kuihisi sampu kwa kiganja, amekisia, na kwa jua la Paje la saa 8 mchana sampu ina moto hata gari ikiwa haijawashwa tangu asubuhi.

Kipimo kikiwa sawa na tatizo liko pale pale, uliza nini kimetiwa. Usiulize "oili gani?" kwa sababu utajibiwa "ATF" au "haidroliki", na ni kweli, ila hujajibiwa. Omba uoneshwe chupa. Ikiwa ilinunuliwa ya kupimwa kutoka kwenye pipa, hesabu kwamba hujui kilichomo, na mimi ningeimwaga bila ya kubishana. Oili 90 ya gia za mkono ikiingia kwenye otomatiki, gari itakuwa nzito kama imefungwa kamba, na rivasi ndiyo mara nyingi ya kwanza kukataa.

Rangi nyekundu haithibitishi kitu. Toyota za miaka ya 1990 zilikuwa zikitumia Dexron II au III. Zikafuata za T-IV, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zikaenea za WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV. Zote ni nyekundu. Nissan wana Matic D, J na S. Honda walikuwa na Z-1, ikafuatiwa na DW-1. Mitsubishi wana SP-III. Tofauti iko kwenye uzito wake na kwenye dawa zinazoamua klachi ishike kwa ukali au kwa ulaini, na gia boksi imetengenezwa ikitegemea ushikaji huo. Dalili ya oili isiyo yake ni hii: gia zinaingia zote, lakini ukifika mwendo wa 50 au 60 kwa mguu mwepesi, gari inatetemeka kwa sekunde moja mbili, kama imepita juu ya mikeka ya mawe. Hapo ni klachi ya ndani ya toki konveta inajaribu kufunga na oili haiiachi.

Mtu akikwambia kwamba kiungo kidogo ndani ya oili hakiwezi kuleta tofauti, mpe habari ya nyangumi. Wamarekani walipoanza kutengeneza oili rasmi ya gia boksi za otomatiki, ile General Motors waliyoiita Type A mwaka 1949, walitia mafuta ya nyangumi ili klachi zishike kwa ulaini. Wakaendelea hivyo mpaka sheria za kuwalinda nyangumi zilipowazuia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ikabidi waanze upya kutafuta dawa ya kushika nafasi yake. Nyangumi wenyewe hawakuwa hawa wanaopita pwani ya Unguja msimu wa kusi, ni jamaa zao wa kina kirefu.

Kosa kubwa zaidi la aina ni kutoijua CVT. Gia boksi ya CVT haina gia za kupanda moja moja. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mkanda huo unahitaji oili inayousaidia kushika chuma kwa chuma. ATF ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mkanda ukiteleza unakwaruza puli, na puli iliyokwaruzwa haina dawa. Noah na Voxy nyingi za kuanzia 2007, Vitz nyingi, X-Trail nyingi za kizazi cha T31, hizi zinazobeba wageni na familia kisiwa kizima, ni CVT, na wapo wenye kuziendesha miaka bila ya kujua. Ijue yako sasa hivi. Fungua boneti utafute kibati cha utambulisho, au kitazame kwenye nguzo ya mlango. Kwenye Toyota tafuta mstari wa TRANS/AXLE. Namba ikianza na K, kama K111 au K310, ni CVT. Ikianza na U au A, ni otomatiki ya kawaida. CVT za Toyota zinataka oili ya TC au FE kulingana na gari. Za Nissan NS-2 au NS-3, na ile NS-2 ni ya kijani. Tazama pia kwenye dipstiki yenyewe, maana Wajapani mara nyingi wameandika hapo hapo oili wanayoitaka.

Ukigundua kwamba umetiwa isiyo yake, kumwaga mara moja hakutoshi. Nati ya chini ikifunguliwa zinatoka lita 3 au 4, huku gia boksi nzima inabeba 6 mpaka 8. Iliyobaki iko kwenye toki konveta na mabomba. Tuseme kila ukimwaga inatoka asilimia 40. Baada ya mara ya kwanza imebaki 60, ya pili 36, ya tatu kama 22. Kwa otomatiki ya kawaida, mara tatu zenye kunguruma na kupitisha gia katikati yake zinatosha. Kwa CVT usiitembeze hata kidogo. Fundi afungue bomba la kupoozea linalorudi, pampu ya gari yenyewe iitoe chafu huku yeye akitia safi kwa kiasi kile kile kinachotoka. Zile mashine za kusafisha kwa presha, kwa gari yenye umri mkubwa, mimi sizipendi. Zinausukuma uchafu uliokuwa umelala kwenye kona mpaka kwenye vijia vya valvu, vyembamba kuliko unyasi wa ufagio.

Oili ni yake na kipimo ni sahihi? Basi muulize fundi alifungua nini. Ikiwa alishusha sampu, filta ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ina mpira mdogo wa duara unaokaa pale inapochomekwa. Mpira ukisahauliwa, au wa zamani ukibaki ndani na mpya ukawekwa juu yake, pampu inavuta upepo hata oili ikiwa imejaa. Gari itakuwa nzito kuingia D asubuhi baada ya kulala, kisha inajitengeneza, kisha inaharibika tena. Mshukiwa wa pili ni silikoni. Fundi akipaka gundi nyingi kwenye gasketi ya sampu, ile iliyobanwa ikatokea upande wa ndani inakatika vipande vyembamba vinavyokwenda kuziba filta. Gasketi nzima iliyo safi haihitaji gundi. Na nati za sampu ni ndogo, zinafungwa kwa mkono mwepesi kwa mzunguko; anayezikaza kama nati za gurudumu anapinda sampu au anang'oa uzi wa alumini.

Kuna soketi za umeme ubavuni mwa gia boksi zinazobeba amri za solenoidi. Moja ikitoka, kompyuta inajilinda: inaifungia gari kwenye gia moja ya juu, mara nyingi ya tatu. Gari inaondoka kwa uzito, inanguruma bila ya kubadilisha, au inagonga ukiitia D. Kwenye Toyota za zamani taa ya O/D OFF itapepesa, na hiyo ni kompyuta inakwambia imeandika kosa, haikwambii gia boksi imekufa. Soketi ikirudishwa na kosa likafutwa, mambo yamekwisha. Gari za kabla ya hapo zina kebo inayotoka kwenye kabureta au koo la injini kwenda gia boksi, mafundi wanaiita kikidauni. Ikilegea gia zinapanda mapema na klachi zinateleza. Ikivutwa sana zinachelewa na kugonga. Inaguswa kwa urahisi sana na mtu aliyetoa kopo la filta ya hewa ili apate nafasi ya kupitishia faneli.

Halafu kuna mkosi wa Subaru. Chini yake kuna nati zaidi ya moja zinazotazama ardhi, na wapo mafundi kila pembe ya dunia waliokusudia kumwaga oili ya injini wakamwaga ya gia boksi, kisha wakajaza injini. Matokeo yake injini ina oili maradufu na gia boksi ni tupu. Ikiwa gari yako ilikwenda kumwagwa oili ya injini tu na ikarudi haiendi, chomoa dipstiki zote mbili kabla ya neno lolote. Baadhi ya Toyota za miaka ya 1990 nazo zina chumba cha difu pembeni chenye nati yake. Fundi akifungua hiyo akidhani ndiyo ya gia boksi, difu inabaki kavu na gia boksi inazidishiwa.

Sasa jambo letu wenyewe wa pwani. Kwenye otomatiki nyingi oili inapoozwa ndani ya rejeta, kwenye bomba lililozamishwa katika maji ya injini. Maji na oili vimetenganishwa na ukuta mmoja wa chuma. Visima vya ukanda huu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na maji yake yana chumvi. Anayejaza rejeta kwa maji hayo mwaka baada ya mwaka anaula ukuta huo kutoka ndani, na upepo wa bahari unaumalizia kwa nje. Siku unapotoboka, maji yanaingia kwenye gia boksi. Bahati mbaya hili hujulikana siku ya kumwaga oili, kwa sababu ndiyo siku mtu anapoitazama, au mabomba ya kutu yanapochezewa yakakatika.

Chukua tone kutoka kwenye dipstiki uliweke kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu angavu au nyekundu iliyofifia ni salama. Kahawia yenye harufu ya kuungua ina maana klachi zimeshaumia. Pinki nzito, kama iliyochanganywa na maziwa, ni maji. Hapo usiiwashe tena hata kuihamisha kivulini. Fungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, uone kama kuna mafuta juu ya maji. Maji yanalainisha tabaka la karatasi kwenye klachi na kuvunja gundi yake, na baada ya siku chache hakuna kumwaga kutakakoiokoa. Rejeta ibadilishwe kwanza, kisha oili imwagwe mara kadhaa. Ukitia oili mpya ukaiacha rejeta ile ile, umenunua oili ya kuchafua. Tangu leo tia kulanti, au walau maji ya mvua yaliyokingwa safi; ya kisima iachie miti.

Njia nyengine ya maji ni ufukweni. Anayeshuka na gari kwenye mchanga wakati wa maji kupwa, akachelewa, akapita kwenye maji na gia boksi yenye moto, bomba la kupumulia linaweza kuvuta maji ya bahari ndani gia boksi inapopoa ghafla. Na kule kujinasua mchangani kwa D, R, D, R huku magurudumu yanazunguka bure kwa dakika chache tu kunaichemsha oili kuliko safari nzima ya kwenda Nungwi na kurudi. Ukinasa, chimba na upunguze upepo wa matairi.

Imebaki hoja inayosemwa kwenye kila gereji: gia boksi ya zamani usiiguse oili, ukiimwaga inakufa. Ina ukweli ndani yake, ila umepinda. Watu wengi humwaga oili pale gari ilipokwishaanza kuteleza, wakitarajia oili mpya iitibu. Klachi zilikuwa zimeisha, gari ikafa wiki ile ile, lawama ikapewa oili. Jiulize kwa uadilifu kwa nini uliimwaga. Ikiwa ilikuwa inateleza kabla, na oili iliyotoka ni nyeusi yenye harufu ya kuungua, na kwenye sumaku za sampu kuna vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, basi hakuna kipimo kitakachoirudisha. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, usimruhusu mtu akutishe nao. Na ikiwa ilikuwa nzima kabisa kabla ya kumwagwa, rudi juu usome tena kuhusu kipimo.

Ukisharekebisha, ijaribu barabarani kabla ya kumwita mgeni. Njia ya kutoka kiplefti kwenda Kitogani imenyooka, nzuri kwa kusikiliza gia. Nenda kwa mguu mwepesi; otomatiki ya gia 4 itakuwa imeshapanda zote kabla ya 70, na raundi zinashuka kidogo kila gia inapoingia. Endelea mpaka matuta ya Jozani, yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju. Pale utapunguza na kuondoka, kupunguza na kuondoka, na gia boksi yenye oili pungufu itajitaja yenyewe kwenye tuta la pili au la tatu. Gari za kompyuta zinaweza kuingiza gia kwa namna tofauti kidogo mwanzoni, hasa betri ikiwa ilitolewa, kwa sababu kompyuta ilikuwa imezoea oili ya zamani. Ulaini unarudi ukiiendesha taratibu. Kugonga kwa nguvu au kuteleza hakumo kwenye ruhusa hiyo. Ukirudi uwanjani pima tena ikiwa moto, na ulaze boksi la karatasi chini ya gari usiku uone kama linadondokewa.

Mara nyengine utakapomwaga, mpe fundi dumu la lita 5 lenye alama, itoke humo. Kilichotoka ndicho kitakachorudi, ukiongeza kidogo ikiwa filta ni mpya, kisha dipstiki imalizie. Oili inunue wewe mwenyewe, kopo lililofungwa, jina lake likiwa limeandikwa kama lilivyo kwenye dipstiki au kitabu cha gari. Kopo linalodai kufaa kila gari nalikubali kwa otomatiki ya kawaida ikiwa jina la oili yangu limo kwenye orodha yake. Kwa CVT silikubali. Ile chafu usiimwage mchangani, inashuka kwenye kisima hicho hicho. Ifunge kwenye dumu iende na gari ya mjini.

Ikilazimika gari yenyewe iende mjini, isivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Injini imezimwa, pampu haifanyi kazi, na gia zinazunguka kavu kilomita zote 50. Inayovuta kwa mbele inyanyuliwe mbele, inayovuta kwa nyuma inyanyuliwe nyuma, na yenye magurudumu manne yanayovuta ipande karieri yote.